Kikohozi cha Maziwa

Mama Dhahabo,

Kwa masikitiko makubwa mimi Esta, mwenye hoteli ya chai nyuma ya soko la Garsen, natangaza kifo cha kifuniko cha birika kubwa, kilichotokea Jumanne asubuhi baada ya kuugua kutu kwa muda mrefu. Marehemu alikuwa ndugu wa sufuria mbili na chujio moja, na mlezi wa vikombe kumi na kimoja, vitatu kati yao vikiwa havina mikono. Habari ziwafikie mwiko aliye ndani ya debe la unga, kijiko cha sukari popote alipo tangu Ijumaa, na Komora fundi wa baiskeli, ambaye ndiye aliyemkalia. Mazishi yamekwisha kufanyika kwenye shimo la takataka. Wanaotaka kuleta rambirambi wanaombwa walete kifuniko.

Nimeanza hivyo kwa sababu ulipenda matangazo ya vifo ya redio kuliko habari zenyewe. Ulikuwa ukikaa juu ya gunia la makaa, kibuyu mapajani, ukisikiliza mtangazaji akitaja wajukuu, wakwe, binamu na mashemeji wa marehemu, kisha unauliza, "Jamaa mingi hivi. Alipougua, nani alimpa maji?" Nami nacheka mpaka chai inafurika.

Nimeanza hivyo pia kwa sababu sijui kuanza vingine. Wewe tangazo lako halikusomwa. Ulipokuwa hai walikutangaza asubuhi na jioni. Ulipokufa wakanyamaza.

Nina neno la kumwambia Dhahabo, binti yako, na sijalisema. Kila akija nalimeza pamoja na mate. Anadhani mimi ni mtu mwema, mama, na amebaki na watu wachache wa kuwadhania hivyo. Nikimwambia huenda akabeba maziwa yake akaenda zake, na mimi nisione tena mtu wa nyumba yako mlangoni kwangu. Basi nakuambia wewe kwanza. Wewe huna pa kwenda.

Wacha nikupe habari za huku. Mto umeshuka. Watu wa Wenje wameanza kulima tena kando ya maji na mahindi yao yanapita hapa sokoni mabichi. Yule jirani yangu mwenye cherehani amehamia Kinakomba kwa mumewe. Mimi nimeongeza benchi moja. Chai yangu kwa muda mrefu imekuwa ya maziwa ya pakiti, nyeupe kama chokaa na haina hadithi yoyote ndani yake. Komora aliionja siku ya kwanza akakiangalia kikombe kama mtu aliyeona jina lake kwenye orodha ya madeni, akasema, "Esta, hii imepita tu karibu na ng'ombe."

Komora huyo huyo. Nitamrudia.

Wajua, miaka yote hiyo hukuwahi kupiga hodi kwangu. Hodi ni ya mgeni, uliniambia. Ulikuwa ukishuka pikipiki na jerikeni zako za njano, kile kibuyu chako cha zamani umekikumbatia kwa sababu hukumwamini dereva, unakuja mpaka mlango wa nyuma, unakohoa. Mara mbili fupi, kavu, halafu moja ndefu ya kumalizia, kama mtu anayekunja mkeka. Kina mama wa mtaa huu wote walikijua kikohozi hicho. Sufuria zilianza kulia majumbani kabla hujaweka mzigo chini. Mkulima aliyesinzia sokoni, na Mwarabu wa duka la vitambaa, wote walikuwa wakizinduka kwa kikohozi chako. Komora akiwa bado anatafuta pampu yake alinipigia kelele, "Maziwa yamekohoa, Esta, weka maji."

Na tulijua kinakotoka. Kila alfajiri ulichoma vijiti, ukatia makaa yake ndani ya chombo, ukafunga, ukatikisa, ukafungua, mpaka chombo kikanuka moshi mtamu. Ndivyo watu wa ng'ombe walivyosafisha vyombo tangu zamani, na ndiyo sababu maziwa yenu hufika mjini saa nne ya jua kali hayajaharibika. Lakini moshi hauingii kibuyuni bila kwanza kupita kifuani kwa anayefukiza. Wanawake wote wa maziwa wa upande wenu wanakohoa. Kwetu sisi ilikuwa kama kengele ya shule. Hata hizo jerikeni ulizifukiza, nami kwa ujuaji wangu nikakuambia plastiki haielewi moshi. Ukanijibu, "Plastiki haijui. Maziwa yajua."

Ujuaji wangu. Hapo ndipo penye kidonda.

Niliacha shule darasa la nne, mafuriko yalipochukua darasa. Nilijifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia mandazi. Wewe ulikuwa ukiona kama muujiza: unanipa kipande, nakusomea. Lakini gazeti la mandazi limepasuliwa, mama. Najua mawaziri wengi walioteuliwa, sijui hata mmoja aliyeondolewa, kwa kuwa upande huo ulikuwa na mafuta. Najua kesi mia zilizoanza. Mwisho wa habari nilikuwa nautunga mwenyewe, na wewe hukujua ni wapi gazeti liliishia na wapi Esta alianzia. Hata mimi nilikuwa nimeanza kusahau.

Ile homa ilitujia kama mafuriko yanavyokuja. Mvua hunyesha kwenye milima tusiyoijua, na maji yanatufuata sisi huku chini. Mtu aliugua mafua katika mji wa mbali. Kesho yake redio ikasema wawili. Kesho kutwa haikutaja idadi tena, ikasema "wengi", na wengi, nimegundua, ni namba kubwa kuliko zote. Wakatia ngoma. Kila kabla ya neno homa, ngoma, dum, na yule mtangazaji wa asubuhi, ambaye sauti yake ni nzito kama aliyemeza mtungi, akisoma dalili: kukohoa, kuumwa kichwa, uchovu, viungo kuuma, kukosa hamu ya kula. Nilikaa nikapiga mahesabu ya haraka. Kwa dalili hizo Garsen yote ilikuwa imekufa tangu kabla sijazaliwa.

Nilicheka. Lakini niliendelea kusikiliza, na sikuwa peke yangu. Hoteli ilijaa. Sijawahi kuuza chai kama wiki ile. Watu wakija kusikia kama wamekwisha kufa, wananunua na andazi.

Ukaniuliza, umekaa pale kwenye gunia, "Inasema nini?"

Kiswahili cha sokoni ulikijua, kile kigumu cha madaktari wa redio hukukifuata. Nikakutafsiria. Redio ilisema homa yaweza kuua katika siku chache. Siku chache nikaona hazina ladha. Nikakuambia siku tatu. Nikainua na vidole: tatu, mama, ikipita ya tatu hujafa, umepona. Ukainua vidole vyako vitatu pia, ukavitazama, ukatikisa kichwa. "Haraka hivyo," ukasema.

Sikujua kwamba unavihifadhi.

Halafu akaja yule mwandishi wa kofia. Alitoka mjini na simu iliyokuwa na miguu mitatu kama kigoda. Alizunguka sokoni asubuhi nzima akitafuta mgonjwa, hakupata. Akarudi kwangu amechoka, akala mandazi manne, akalalamika kwamba ametumwa kuleta sura ya ugonjwa na mji huu hauna hata mtu wa kupiga chafya vizuri. Mimi nilikuwa nimepaka rangi kibao cha hoteli mwezi ule ule. Nikawaza: kibao hiki kikionekana kwenye televisheni, hata wasafiri wa Lamu watashuka hapa. Nikamwambia kaa hapa, saa hizi atakuja mtu, utasikia kikohozi ambacho hujawahi kukisikia. Nilikuwa najivunia, unaelewa? Kama mtu anayeonyesha wageni mnara wa mji wake.

Ukafika. Ukaona simu, ukafunga ushungi vizuri. Ulikuwa umekwisha kukohoa nje na yeye hakuwa ameiwasha. Akataka tena. Wewe ukasita, ukanitazama mimi, si yeye.

Nikasema, "Kohoa, mama, ni ya redio tu."

Ukakohoa. Mbili fupi, moja ndefu. Ukacheka baadaye, ukauliza kama wamependa.

Hilo ndilo neno ninalolimeza Dhahabo akija. Anajua habari ya mwandishi. Hajui habari yangu. Kwenye ile video sauti yangu ipo, ya nyuma, laini kabisa, lakini Dhahabo simu yake ni ya kubonyeza na haioni picha.

Kufikia saa ya adhuhuri ulikuwa kwenye kila simu. "Homa ya ajabu yatua Garsen. Mama huyu muuza maziwa." Na ngoma, dum. Jioni redio ikaicheza sauti yako bila uso, ukawa unakohoa mpaka Mombasa. Kibao changu kilionekana nusu. Kilisomeka TELI.

Nakueleza sasa yaliyosemwa, kwa kuwa mengine hukuyasikia, na mengine uliyasikia ukajifanya Kiswahili hukijui. Mama wa samaki, uliyempa maziwa ya bure alipojifungua, alijifunika leso puani akasema, "Miaka yote huyu anatukoholea kwenye uji." Komora aliingia, akainusa chai, akauliza kwa sauti ya watu wote kusikia, "Esta, leo ni chai ya maziwa au chai ya wodi?" Wakacheka. Mimi pia nilicheka, mama. Nilicheka kidogo, lakini nilicheka. Watoto walikufuata sokoni wakikohoa kwa kukuiga, nawe ukageuka, ukaweka jerikeni chini, ukauliza ni nyumba gani inataka maziwa. Ulidhani unaitwa.

Wengine wakaanza kusema "hawa wa ng'ombe". Unajua maneno hayo hapa kwetu yanapoelekea. Sisi Wapokomo wa mashamba na ninyi Waorma wa ng'ombe tumezika watu wa kutosha kwa maneno yaliyoanza madogo hivyo. Nashukuru yaliishia kwenye midomo. Lakini niliona jinsi yalivyokuwa karibu, kama nyoka aliye chini ya benchi wakati watu wanakunywa chai.

Na kichekesho, kama bado unacheka: mji mzima ulikuwa ukijifukiza. Redio moja ilisema mvuke wa mwarobaini unaua homa, basi mwarobaini wa msikitini ukabaki uchi kama mlingoti. Kila nyumba, mtu chini ya blanketi na sufuria ya moto, anatoka macho mekundu, anakohoa mpaka anashika ukuta. Watu waliokuwa wakikohoa kwa kujifukiza wakawa wanamkimbia mwanamke anayekohoa kwa kufukiza vyombo. Sikusikia redio ikilisema hilo. Halikuhitaji ngoma.

Dhahabo ndiye aliyeniambia baadaye kwamba uliacha moshi. Ulisema, kama kikohozi ndicho kinachowaudhi, nitakiacha. Ukaosha vyombo kwa maji tu. Lakini kikohozi cha miaka thelathini hakiondoki kwa wiki, na maziwa yasiyoonja moshi hayangoji. Yakakatika sufuriani. Kina mama wawili watatu waliobaki wakakurudishia. "Mmeona? Ugonjwa umeingia mpaka kwenye maziwa." Ulipokuwa unakohoa walikuogopa, na ulipoacha kinachokukohoza wakapata ushahidi.

Mimi wakati huo nilikuwa nimekuomba uwe unaacha maziwa nje, nyuma ya mabati, usiingie tena walipo wateja. Ulikubali bila kuuliza. Kisha nikaanza kununua pakiti.

Siku ile, unaijua. Nilikuwa jikoni nakata pakiti kwa meno. Nikasikia nje kikohozi kimoja. Kisha cha pili kikizuiliwa. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kusikia kikohozi kikizuiliwa, lakini nilisikia, kifua chako kikipanda na kushuka nyuma ya mabati. Hoteli ilikuwa na watu. Komora alikuwapo. Mlango ulikuwa hatua tatu kutoka mkononi mwangu.

Sikufungua.

Ulingoja. Baadaye nikasikia ndala zako zikiondoka. Nilipotoka nikakuta juu ya jiwe kikombe cha maziwa umekifunika kwa jani la mgomba, sehemu yangu, ile uliyokuwa ukiniachia kila siku mbali na ya biashara. Nilikimwaga. Nimejaribu kuandika sentensi hiyo kwa njia nyingine, haina njia nyingine.

Ndiyo maana nikiwaita watu wa hapa wasaliti, moyoni nasikia kitu kinakohoa.

Lakini nitawaita. Nina hasira na redio ile, niliyoipangusa vumbi kila Ijumaa kuliko nilivyopangusa picha ya marehemu baba. Ilinifundisha maneno yote makubwa ninayoyajua. Nilidhani ni mwalimu, kumbe ni muuza chai kama mimi, anaongeza sukari wateja wasiondoke. Nina hasira na mama wa samaki. Nina hasira na yule dereva wako wa pikipiki, nitakuambia kwa nini. Na wewe pia, mama, nina hasira nawe kidogo. Yule mtangazaji ulimcheka kila siku, ukamwita baba wa mtungi. Kwa nini basi uliniamini mimi?

Ulipoanza kutetemeka ulikwenda zahanati mwenyewe. Hilo nalijua kutoka kwa muuguzi, ingawa majibu yako hakunipa, kwa kuwa mimi si wa nyumba yako. Alikutoboa kidole, akakutia kijiti puani, akakuambia kaa pale nje kwenye benchi, ungoje kidogo. Ulikaa. Benchi likawa lako peke yako. Watu waliokuwa mbele yako kwenye foleni waliona afadhali waende nyumbani na magonjwa yao. Kisha mmoja akatoa simu, akaielekeza kwako, na akasema, mwenyewe muuguzi alimsikia, "Mama, hebu kohoa."

Ukainuka ukaenda zako. Muuguzi alipotoka na karatasi hukuwapo. Alimtuma yule dereva wako akufuate, yeye ndiye anayejua njia ya kwenu. Akarudi baada ya muda akasema njia imejaa maji, haipitiki. Nimemuuliza siku hizi, ana kwa ana, amekalia pikipiki yake. Njia ilikuwa kavu. Akasema, "Mama Esta, nina watoto."

Nyumbani ulijitenga. Uliingia kwenye kibanda cha ndama, ukamwambia Dhahabo asivuke ule mstari uliouchora kwa fimbo, na wajukuu wasiletwe. Alikuwa akikuwekea maji mstarini. Ulifuata kila kitu ilichosema redio. Sidhani kuna mtu mwingine katika Tana River nzima aliyeitii redio ile kama wewe. Ukachomeka vijiti mchangani, kimoja kila jua likizama. Dhahabo alitaka kutafuta gari siku ya pili, ukakataa. Siku ya tatu ukakataa. Siku ya nne asubuhi, anasema, ulikuwa na furaha. Macho manjano, midomo imepasuka, unacheka. Alipokuambia gari limepatikana, linakwenda hospitali ya Hola, ukamwonyesha vijiti vyako. "La nini? Tatu zimepita. Esta alisema tatu."

Ulikufa siku ya tano.

Dhahabo alinisimulia hayo kama mtu anayenipa zawadi. Alitaka nijue jinsi ulivyonitaja.

Mazishi. Walikuja maafisa wawili wa afya wenye glavu, wakasema zikeni kama kawaida, naweni mikono. Wakaondoka. Redio ikasema maafisa wavamia boma. Wanawake wa kukuosha walikuwa Dhahabo na dada yako wa Chewele, basi. Wengine walisimama mbali kule kwenye miiba, wakiangalia. Mimi Mkristo sina kazi kwenye josho la Mwislamu, lakini kuchota maji hakuna dini. Nikachota. Ndoo baada ya ndoo, zaidi ya yaliyohitajika, mpaka dada yako akaniambia, "Mama, yatosha. Kaoshwa."

Wiki mbili baadaye, baada ya mpira na kabla ya hali ya hewa, yule mtangazaji alisema kwamba hakuna mgonjwa yeyote wa homa ile aliyethibitishwa katika kaunti yetu. Bila ngoma. Sentensi moja. Nilikuwa namimina chai, na nilipoinua kichwa ili nisikie vizuri tulikuwa tayari kwenye mawingu ya jioni.

Na watu, mama, watu wakarudi kuwa watu. Hivyo tu, kama waliokuwa wamekwenda kujisaidia. Mama wa samaki ananisalimia. Komora aliingia juzi, akaketi, akasema kwa upole kabisa, "Yule mama alikuwa na maziwa, Mungu amrehemu. Haya ya pakiti hayana moshi." Nikamtazama. Hakuwa na aibu hata ya kukopa. Hakuna aliyeomba radhi, na nimeelewa kwa nini: kila mmoja anakumbuka vizuri sana aliyoyasema mwenzake. Nilitaka kumwambia, Komora, chai ya wodi je? Kisha nikajikumbuka na kicheko changu kidogo. Nikamwongezea maji.

Dhahabo ameanza kuleta maziwa. Wiki hii. Ng'ombe hawajui matanga, na wajukuu wako wanakula kutokana na zile jerikeni. Hakuenda kwa mwingine, alikuja kwangu moja kwa moja. Anafukiza kama ulivyomfundisha. Na, mama, anakohoa. Bado ni kikohozi kichanga, kifupi, hakijapata ile ndefu ya mwisho. Siku ya kwanza alipokohoa mlangoni, kijiko kilisimama katikati ya kikombe. Wakanitazama mimi. Nilifungua. Nikasema kwa sauti, "Maziwa yamekohoa." Baadhi walikunywa. Wawili walitoka. Mmoja wao amerudi leo.

Leo asubuhi Dhahabo alinipa karatasi. Alikuwa amepita zahanati kutaka kujua mama yake aliondoka na nini, na muuguzi akamtolea ile iliyobaki kwenye faili. Akanipa kama ulivyokuwa ukinipa wewe vipande vya gazeti la mandazi, kwa mikono miwili, akakaa kwenye gunia la makaa angoje nimsomee. Niliifungua. Nikaifunga. Nikamwambia miwani yangu imepotea. Mimi sivai miwani, na Dhahabo anajua. Akafunga ushungi wake, akasema, "Basi kesho, mama Esta."

Kwa hiyo ni kesho.

Nakuaga, Mama Dhahabo. Sikukuaga ulipokuwa nyuma ya mabati, basi nakuaga sasa, mlango wazi. Waorma wenzako wamekuombea kwa njia yenu, mimi nimekuombea kwa yetu, na kama kuna foleni huko naomba benchi liwe limejaa watu na wote wamekusogelea.

Kesho Dhahabo akikohoa nitafungua, nitamweka ndani mbele ya wateja, si jikoni. Nitamsomea karatasi kama ilivyo, pasipo chumvi, na ikiishia katikati nitasema imeishia katikati. Kisha nitamwambia nani alisema kohoa, na nani alisema tatu, na nani alimwaga kikombe. Komora akiwapo na asikie. Akibeba maziwa yake aende, nitamfungulia mlango huo huo atoke, na nitauza chai ya rangi mpaka nizeeke. Akibaki, sitamtafsiria tena kitu. Nitamfundisha kusoma.

Karatasi ina mistari miwili. Wa kwanza unasema homa ya mafua hukuwa nayo. Wa pili unasema malaria.

Kipimo chake huchukua robo saa. Dawa yake ipo zahanati, nayo hutolewa bure.